Kigae cha Peltier kwenye joto la Dar: kukipima, kukifunga na kukitupa salama

Kila kigae cha Peltier kinachouzwa Kariakoo, kiwe kipya au kimechomolewa kwenye dispensa ya maji iliyokufa, kina kazi moja: kuchota joto uso mmoja na kulimwaga uso wa pili, pamoja na joto la umeme wote kilichokula. Anayekifunga huku akili yake iko kwenye uso wa baridi peke yake hukiua ndani ya dakika. Dar es Salaam tatizo ni kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi za kiwandani, kwani nyingi zinaanza hesabu na uso wa moto wa nyuzi 25, na hapa mwezi wa Februari hata hewa ya kupozea huo uso wa moto iko nyuzi 31 au 32, tena imebeba unyevu.

Maelezo haya yanahusu kigae cha kawaida kabisa, TEC1-12706 cha milimita 40 kwa 40, na mchanganyiko unaokifanya kifanye kazi: bismuthi teluridi.

Kilichomo ndani

Katikati ya sahani mbili nyeupe za seramiki ya oksidi ya alumini vimesimama vijiti 254 vya semikondakta, yaani jozi 127. Umeme hupita kijiti kimoja baada ya kingine kupitia vipande vya shaba, lakini joto hupita vijiti vyote kwa pamoja kutoka sahani moja hadi nyingine. Nusu ya vijiti ni bismuthi teluridi iliyochanganywa na antimoni, nusu nyingine imechanganywa na seleniamu kidogo. Mchanganyiko mmoja hubeba chaji chanya na mwingine chaji hasi, ndiyo maana mkondo ukipanda kijiti hiki na kushuka kile, joto linasukumwa upande uleule.

Bismuthi teluridi yenyewe, Bi2Te3, ni ya kijivu, nzito (karibu gramu 7.7 kwa sentimita ya ujazo), haiyeyuki kwenye maji, na huyeyuka kwa moto karibu na nyuzi 585. Kilichoipa kazi hii ni tabia yake isiyo ya kawaida: inapitisha umeme vizuri lakini joto inalipitisha kwa shida. Shaba hupitisha joto kiasi cha wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi; hii haifiki hata 2. Metali yoyote ya kawaida ingerudisha joto nyuma haraka kuliko mkondo unavyolisukuma. Seebeck aliona umeme unaotokana na tofauti ya joto mwaka 1821, Peltier akaona kinyume chake mwaka 1834, lakini upoaji wa maana ulisubiri hadi 1954, Goldsmid na Douglas walipotumia bismuthi teluridi huko Uingereza na kupata tofauti ya nyuzi 26. Hadi leo, kwa kazi za joto la chumba, hakuna mchanganyiko uliouondoa huu sokoni.

Kila kijiti hutoa takriban maikrovolti 200 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ncha zake. Zidisha kwa 254 upate volti 0.05 kwa kila nyuzi kwa kigae kizima. Ishike namba hiyo, itakuokoa dukani.

Kuna udhaifu wa aina mbili unaotawala kila kitu kitakachofuata. Kwanza, fuwele za bismuthi teluridi zimejengwa kwa tabaka za atomi tano tano, na mshiko kati ya tabaka na tabaka ni hafifu, kwa hiyo kijiti hukatika kirahisi. Kigae kinakubali kubanwa kwa nguvu kubwa kikiwa kimelala sawasawa, lakini hakikubali kusukumwa pembeni wala kupindwa hata kidogo. Pili, vijiti vimeshikiliwa kwa lehemu ya bismuthi na bati ambayo kwenye vigae vingi vya TEC1 huyeyuka kwenye nyuzi 138. Semikondakta inaweza kuvumilia zaidi ya hapo. Kiungo chake hakiwezi.

Hesabu kabla ya kununua

Chukua uso wa baridi wa nyuzi 15, uso wa moto wa nyuzi 50, na mkondo wa ampea 4. Mkondo unasukuma takriban wati 58 kutoka upande wa baridi. Ukinzani wa ndani, kama omu 2.2 kigae kikiwa na moto, unazalisha wati 35, na nusu yake, wati 17 na ushee, inarudi upande wa baridi. Tofauti ya nyuzi 35 kati ya nyuso inavujisha wati nyingine 19 kurudi nyuma kupitia vijiti vyenyewe. Kinachobaki ni wati 21 za upoaji halisi. Umeme ulioliwa ni wati 42, kwa volti kama 10.6, na upande wa moto unapokea jumla ya wati 63 au 64.

Wati 64 hizo zinahitaji hitsinki, yaani kitako cha metali chenye mapezi ya kumwagia joto hewani. Hitsinki nzuri ya kompyuta ya mezani, yenye mirija ya shaba na feni ya milimita 120, hupanda kama nyuzi 0.3 kwa kila wati. Hewa ya nyuzi 31 jumlisha 19 ni 50, na hesabu inafunga. Sasa jaribu kuongeza mkondo hadi ampea 6 kwa hitsinki hiyohiyo. Joto la kutupa linafika wati 119, uso wa moto unakwenda nyuzi 67, na upoaji unashuka hadi wati 16 au 20. Umelipia umeme zaidi ya mara mbili ukapata baridi pungufu. Hili ndilo kosa linaloongoza: mtu akiona kigae hakipozi anakiongezea volti.

Hitsinki ndogo za alumini zinazouzwa pamoja na kigae kwenye seti za kujifunzia ni mbaya kwa hali yetu. Kwa nyuzi 0.5 kwa wati, wati 64 zinakupeleka nyuzi 63. Tafuta hitsinki ya kompyuta iliyotumika. Hiyo ndiyo sehemu ya mradi unaotakiwa kuitolea pesa, kigae chenyewe ni rahisi.

Upande wa baridi, chukua boksi la stairofomu la ukubwa wa ndani wa sentimita 30 kila upande, kuta za sentimita 5, kama yale ya samaki pale Feri. Linavuja karibu wati nusu kwa kila nyuzi ya tofauti na nje. Uso wa kigae ukiwa nyuzi 15, hewa ya ndani itakuwa kama 20, kwa kuwa hitsinki ya ndani nayo inadai nyuzi zake. Boksi litavuja wati 5, zitabaki 16 za kupoza vitu, na lita 5 za maji kutoka nyuzi 28 hadi 20 zitachukua takriban saa tatu. Huo ndio ukweli wa kigae kimoja. Kwa dawa zinazotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8, insulini ikiwemo, usikitumie: ukitaka ndani pawe nyuzi 4, uso wa baridi uende chini ya sufuri, upoaji unabaki wati 8 hivi wakati boksi lenyewe linavuja 12. Haiwezekani, na vigae viwili juu ya hitsinki moja haviokoi jambo.

Kuhusu luku: wati 42 za kigae, feni mbili, na upotevu wa pawa saplai vinafika kama wati 55. Kikiwaka mchana na usiku ni uniti 1.3 kwa siku. Friji dogo la kompresa linaweza kula chini ya hapo na likagandisha barafu. Kigae kinastahili pale unapotaka udogo na ukimya, umeme wa volti 12 wa gari au sola ya mchana, au kupoza kitu kidogo kama kamera au sensa.

Kupima ukiwa dukani

Jina linasomeka hivi: 127 ni idadi ya jozi, 06 ni kiwango cha juu cha mkondo kwa ampea, na 1 ya mwanzo ni kwamba kigae kina ghorofa moja. Maandishi hayo hufutika kwa spiriti na kuandikwa upya, hivyo usiyaamini peke yake. TEC1-12706 ina ukinzani wa karibu omu 2. 12710 ni omu 1.1 hivi; 12715 ni kama 0.8. Ukiuziwa 12715 halafu mita ikasoma 2, umenunua 12706 kwa bei ya kaka yake.

Kupima ukinzani kuna mtego. Mita hutuma mkondo mdogo, na kigae kilichoshikwa mkononi kinazalisha volti zake, hivyo usomaji unaweza kuwa 0.5, 9, au hasi. Kilaze mezani dakika kumi bila kukigusa, pima, geuza ncha za mita, pima tena, kisha chukua wastani. Toa na ukinzani wa nyaya za mita, ambao mita za bei nafuu husoma 0.2 hadi 0.4 ukigusanisha ncha.

Muuzaji akikosa subira, weka uso mmoja juu ya chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, bana uso wa pili kwa kiganja, na uweke mita kwenye volti. Kwa volti 0.05 kwa nyuzi, kigae kizima kitakupa milivolti mia na zaidi bila jasho. Sufuri, au namba inayorukaruka ukigusa nyaya, ni kijiti kilichokatika au kiungo kilichoachia. Kigae cha namna hiyo hakitengenezeki.

Mwisho, gusa betri moja ya volti 1.5. Ndani ya sekunde chache uso mmoja unapoa. Uandike B kwa kalamu isiyofutika, maana kiwanda hiki huchapa maandishi upande wa baridi na kile upande wa moto. Usikubali muuzaji akuonyeshe kwa kukipa volti 12 mkononi bila hitsinki: uso wa moto hukaribia nyuzi 138 haraka mno, na unaweza kununua kigae kilichokwisha kuumia.

Kufunga

Safisha nyuso zote kwa spiriti. Weka rula ya chuma juu ya hitsinki na utazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga katikati, paka msasa namba 400 kisha 800 uliolazwa juu ya kioo hadi pengo lipotee. Pengo usiloliona kwa urahisi linatosha kupasua seramiki ukikaza skrubu, au kuacha kona moja ya kigae ikichemka peke yake.

Usikibane kigae moja kwa moja kati ya hitsinki ya nje na ya ndani. Unene wake ni milimita 4 tu, na kwa umbali huo joto la nje litarudi ndani kupitia hewa na kupitia skrubu. Weka kipande cha alumini cha milimita 40 kwa 40, unene 20 hadi 25, upande wa baridi. Mafundi wa eneo la Gerezani wanakukatia na kukinyoosha kwenye mashine. Waambie nyuso mbili ziwe sambamba, hilo ndilo la muhimu kuliko vipimo kamili.

Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa ya kompyuta na hitsinki yake, iwe nyembamba. Paka kiasi cha punje ya maharage, weka kigae, kibonyeze huku ukikizungusha milimita chache huku na kule mpaka uhisi kinakataa kuteleza. Kinyanyue uangalie: pesti iwe imefika kona zote na rangi ya chuma ionekane kwa mbali chini yake. Pesti nene ni blanketi. Usitumie gundi ya epoksi pande zote mbili, kwa sababu alumini hutanuka zaidi ya seramiki na nguvu hiyo inakwenda kukata vijiti kwa pembeni.

Skrubu mbili za M3 (kipenyo milimita 3) za chuma cha pua, moja kila upande wa kigae, zinatosha. Chuma cha pua hupitisha joto kidogo kuliko chuma cha kawaida, na chini ya kichwa cha kila skrubu weka washa ya nailoni au faiba pamoja na washa ya springi. Shinikizo linalotakiwa ni karibu kilo 10 kwa sentimita ya mraba, yaani kilo 160 kwa kigae kizima, 80 kwa kila skrubu. Kwa M3 hiyo ni kama nyutoni-mita 0.5: bisibisi fupi, vidole vitatu, na kusimama mkono unapoanza kugoma. Kaza robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, usikaze upande mmoja hadi mwisho kwanza. Rudia baada ya saa moja na tena kesho yake, kwa sababu pesti hukimbia chini ya mbano na skrubu hulegea.

Unyevu

Msimu wa joto hapa, uso wowote ulio chini ya nyuzi 24 hivi unatoka jasho. Uso wa baridi wa kigae chako uko nyuzi 15. Maji yatajaa katikati ya vijiti, na shaba, lehemu na volti 10 zikikutana na maji, kutu ya umeme haichelewi. Hiki ndicho kinachoua vigae vingi mjini, zaidi ya joto.

Ziba kingo zote nne kwa silikoni, lakini siyo ile ya madirisha inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki, na inakula shaba wakati inakauka. Tafuta silikoni isiyo na harufu ya siki. Subiri saa 24 kabla ya kuwasha. Kisha zungushia kile kipande cha alumini sponji nyeusi ya mabomba ya AC, ile yenye vitundu vilivyofungwa, na ufunike viungo vyake kwa utepe wa alumini. Sponji ya godoro itakunywa maji na kuwa daraja la joto. Chini ya hitsinki ya ndani acha tundu dogo lenye mrija wa kutolea maji.

Andika ukinzani wa kigae siku unapokifunga. Ukipanda kwa asilimia 10, mfano kutoka 2.0 hadi 2.2 kikiwa kimepoa kabisa, unyevu au uchovu umeingia, na kitakwenda kwa kasi kuanzia hapo.

Umeme

Pawa saplai ya taa za LED ya volti 12, ampea 10, ni nzuri kwa sababu nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebisha volti. Ishushe hadi 10.8 au pungufu kidogo. Utakuwa karibu na ampea 4 za hesabu ya juu, na saplai yenyewe haitasukumwa hadi mwisho ikiwa ndani ya kasha lenye joto. Kumbuka upande mmoja wa saplai hiyo ni volti 230. Unganisha waya wa ethi na ufunike vituo vyake. Waya wa kwenda kwenye kigae uwe wa milimita ya mraba 1 au zaidi.

Themostati ya relei inayowasha na kuzima ndiyo kila mtu huinunua, na ndiyo chaguo baya. Kila kikizimwa, nyuso zinarudi kwenye joto moja, zinatanuka na kusinyaa, na viungo vya lehemu vinachoka. Halafu kigae kilichozimwa hakizibi joto: mara tu kinapozimwa, tofauti ikiwa bado nyuzi 35, wati 19 zinaanza kurudi ndani ya boksi. Afadhali themostati ibadilishe kati ya volti 10.8 na volti 5 kuliko kuzima. Ukitumia PWM, yaani kuwasha na kukata mkondo kwa mapigo, mapigo yawe ya kasi, maelfu kwa sekunde, na yalainishwe kwa koili na kapasita. PWM tupu inakula umeme kama mkondo wa juu lakini inapoza kama wastani wake.

Feni ya upande wa moto iunganishwe iwake pamoja na saplai na isipitie themostati kamwe. Kwenye waya wa kigae weka swichi ya joto ya KSD301 ya nyuzi 70, ile ambayo kawaida imefunga, iliyoshikizwa kwa skrubu kwenye kitako cha hitsinki. Feni ikikwama saa nane usiku, hii ndiyo inayozuia lehemu isimiminike.

Washa kwanza kwa volti 5, dakika kumi. Pima kitako cha hitsinki. Kisha nenda 10.8. Kikitulia chini ya nyuzi 55, sawa. Kikivuka 60, zima ukatafute kosa, ukianza na feni. Hitsinki ikiwa vuguvugu tu huku mkondo ni wa kawaida na ndani hakupoi, joto halifiki kwenye hitsinki: pengo au skrubu iliyolegea. Mkondo ukiwa ampea 1 au 2 kwenye volti 10.8, viungo vimeanza kuachia.

Dispensa isiyopoza

Dispensa nyingi za mezani zisizo na kompresa zina kigae hikihiki nyuma. Chomoa, subiri, fungua, upulize vumbi kwenye mapezi ya hitsinki. Sehemu kubwa ya malalamiko huishia hapo. Feni isipozunguka, badilisha feni kwanza. Feni ikizunguka na hitsinki ikawa baridi kabisa, pima volti kwenye nyaya za kigae: zipo, basi kigae kimekatika, hazipo, tatizo liko kwenye bodi au sensa. Hitsinki ikiwa ya kuunguza, usikimbilie kigae kipya. Safisha, badilisha pesti iliyokauka kuwa chaki, na uisogeze dispensa sentimita 15 kutoka ukutani. Mteja pia aambiwe kwamba nyuzi zilizoandikwa kwenye kibandiko mara nyingi ni za chumba cha nyuzi 25. Kwenye baraza la Manzese mchana hazipatikani.

Kuzalisha umeme kwenye jiko la mkaa

Swali hili halikosekani. TEC1 usiiweke kabisa kwenye jiko. Nyuzi 138 zitapita kabla uji haujachemka. Vipo vigae vya kuzalishia, kama SP1848-27145, vinavyovumilia hadi nyuzi 150, na wauzaji huorodhesha volti 4.8 na miliampea 669 kwa tofauti ya nyuzi 100. Wengi huzidisha wakapata wati 3. Rudi kwenye volti 0.05 kwa nyuzi: kwa nyuzi 100 ni volti 5, kumaanisha hizo 4.8 ni za nyaya zilizo wazi, na ampea ni za nyaya zilizogusanishwa. Huwezi kupata vyote kwa wakati mmoja. Nguvu ya kweli ni robo ya zao hilo, wati 0.8. Taa ndogo ya LED, ndiyo. Simu, hapana, labda upange vigae sita au zaidi vyenye sufuria ya maji kila kimoja.

Hatari

Kigae kizima kisichopasuka hakina sumu ya kukufikia. Ajali za kawaida ni kuungua vidole na volti 230 za saplai. Hatari ya kemikali inaanza pale mtu anapokifungua, na watu hukifungua, ama kwa udadisi ama kwa kutafuta shaba.

Vijiti husagika kuwa vumbi la kijivu. Bismuthi teluridi safi si kali sana ukilinganisha na ndugu zake: Marekani, kikomo cha kazini kwa misombo mingi ya teluriamu ni miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo ya hewa, lakini hii imetengwa na kuruhusiwa miligramu 15 za vumbi lote, 5 kwa lile linalofika mapafuni. Hiyo si ruhusa ya kulivuta. Ndani ya kigae kuna antimoni na seleniamu pia. Mwili ukipata teluriamu huigeuza kuwa dimethili teluridi, na pumzi na jasho hunuka kitunguu saumu, pengine kwa wiki kadhaa. Mswaki hausaidii, na hiyo ni dalili ya kumwona daktari na kumtajia teluriamu kwa jina.

Usikichome moto. Moshi wake una oksidi za teluriamu na seleniamu, na jiko la kuyeyushia chuma chakavu uani huupuliza moja kwa moja usoni. Hatari zaidi ni asidi. Baadhi ya video hufundisha kuloweka vipande kwenye asidi ili kutenganisha metali. Teluridi zikikutana na asidi zinaweza kutoa hidrojeni teluridi, gesi yenye sumu kali. Maji ya betri hayana nafasi kabisa karibu na kitu hiki. Wala usisage vijiti kwa grainda au kuvipaka msasa.

Kikipasuka mezani, usifagie kikavu na usipulize kwa mdomo wala kompresa. Vaa glavu na barakoa ya N95, futa kwa karatasi iliyoloweshwa, weka karatasi na vipande vyote kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, nawa mikono kabla ya kugusa chakula au sigara. Watoto wasikaribie mpaka meza ioshwe.

Vigae vilivyokufa vikusanye kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, ukiandika nje "Peltier, teluridi, usifungue". Likijaa, mpe mkusanyaji wa taka za kielektroniki aliyesajiliwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, pamoja na bodi na pawa saplai mbovu. Usivichanganye na taka za nyumbani zinazokwenda Pugu Kinyamwezi, ambako wako watu wanaochambua kwa mikono mitupu na kuchoma nyaya wapate shaba. Na anayenunua chuma chakavu mtaani akitaka hitsinki yako ya alumini, kibandue kigae kwanza wewe mwenyewe: legeza skrubu, pasha kitako joto kidogo kwa draya ya nywele ili pesti ilainike, kisha kizungushe polepole hadi kiachie. Usikichokonoe kwa bisibisi, kwa maana hapo ndipo seramiki hupasuka na vijiti kumwagika.